Mrija Wangu Ukweni

Nimehama mara nyingi kuliko mke wangu anavyopenda kukumbuka. Nimekaa Burungu, nimekaa Goma, nimekaa mahali ambapo hata jina lake nililijua siku ya kuondoka. Kila tunapohamia, kitu cha kwanza ninachotundika ukutani ni mfuko wangu wa njiani. Ndani mna kipande cha sabuni, kitambaa cha mikono, pini ya kutolea funza, kibuyu kidogo cha mafuta ya kujipaka, na mrija mmoja wa tete. Sabuni haimshangazi mtu. Mrija ndio unaowachekesha wageni.

Mfuko ule ulifungwa mara ya kwanza na mama yangu, kule Muheto, wakati wa Wabelgiji, mwaka ambao ugonjwa wa kuhara damu ulipanda milima yetu ya Masisi. Nilikuwa kijana niliyemaliza shule ya wamisionari, miguu inaniwasha kutembea.

Muganga wa dispansere alipita mlima kwa mlima akisema maneno yale yale. Choo kichimbwe. Maji yachemshwe. Mikono inawiwe kwa sabuni. Watu waliitikia vizuri tu mpaka alipofika kwenye mrija, hapo wakaguna. Kwetu kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa katika kibuyu kimoja, na mrija ulitoka mdomo huu ukaingia mdomo ule. Kumpa mtu mrija uliokuwa kinywani mwako ilikuwa kumwambia kwamba ni ndugu. Sasa muganga anataka kila mtu anyonye wake! Tulicheka. Kisha tukazika majirani wawili kwa juma moja, tukaacha kucheka. Mwezi haukuisha kabla kila mwanaume hajawa na mrija wake. Walevi wetu walitembea nao nyuma ya sikio, kama makarani na kalamu zao.

Sabuni nayo ilikuwa na mambo yake. Ya dukani ilikuwa adimu, basi akina mama walipika ya kwao kwa mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Iliondoa uchafu, na ngozi kidogo. Kwa baridi ya asubuhi ya Masisi, mikono ilipasuka kama shamba la kiangazi. Dawa yake ilikuwa siagi ya ng'ombe, ambayo mama aliipata kwa wafugaji jirani akiwapa maharage. Ilinuka maziwa yaliyochacha, lakini hakuna aliyelalamika, maana sote tulinuka hivyo hivyo.

Katikati ya hayo yote mimi nilikuwa na shauri la kuoa. Msichana alikuwa wa upande wa Pinga, chini kabisa, katika msitu wa Walikale. Nilimwona mwaka uliotangulia, katika matembezi yangu, siku nilipoteleza mtoni na mzigo wangu, naye akacheka mpaka mtungi wake ukamwagika. Baba yake, mwindaji, alituma neno: tufike kabla ya mpunga kuvunwa, la sivyo atajua kwamba tumekataa, na kulikuwa na kijana mwingine anayengoja. Kwa hiyo, ugonjwa ao hakuna ugonjwa, ilibidi kwenda.

Mama alifunga mfuko akinihubiria.

"Sabuni hii si ya kutazama. Na murija wako usimupe mutu, hata kama iko mwami, mukubwa wa inchi."

"Hata baba mukwe?"

"Yeye njo zaidi! Ukigonjwa kwake, atasema tulimuletea maiti."

Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alipouona mfuko alishika kiuno. "Tunaenda kuoa ao tunaenda kufungua dispansere?"

Tulitembea siku tatu, tukaacha malisho na ukungu, tukashuka katika joto na miti inayoficha jua. Kila kijito nilinawa, kila nikinawa nilijipaka siagi. "Weye kijana," baba mdogo alisema, "mikono yako itaisha mbele ya njia kuisha."

Tulipokelewa vizuri. Baba wa msichana alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na maneno yake yalikuwa machache. Nyanya wa msichana alikaa mlangoni akiota moto. Msichana alituletea maji ya kunawa bila kuniangalia, lakini niliona mashavu yake yakizuia kicheko. Nilitoa sabuni yangu, ikazunguka mkono kwa mkono, watu wakainusa na kuisifu. Nikajiona nimeshaoa.

Kisha ikaletwa pombe. Watu wa msituni hawakuwa na mirija. Walikunywa kwa mdomo, kibuyu kimoja, midomo yote. Mwenye nyumba alikunywa wa kwanza ili tuone kwamba pombe ni safi. Akampa baba mdogo. Baba mdogo alifumba macho kama mtu anayebatizwa, akanywa. Kibuyu kikafika kwangu. Nikakipokea kwa mikono miwili kama inavyofaa, nikakiweka katikati ya magoti, nikatoa mrija.

Wenyeji wote wakageuka kuutazama.

"Ile ni nini?" aliuliza baba wa msichana.

"Ni murija, Papa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kunywa."

"Na mudomo yako iko na kazi gani?"

Kaka za msichana waliangua kicheko. Baba yao hakucheka. "Nimekunywa mbele ya macho yako. Unafikiri niliweka sumu chini, juu nikaacha? Njo maana umebeba fimbo ya kufika chini?"

Baba mdogo aliruka kuniokoa. "Hapana, Papa, ni ugonjwa tu! Kwetu watu wanakufa."

"Kumbe mumetuletea ugonjwa."

"Hapana, tunaogopa kuupata."

"Kumbe ugonjwa iko kwangu!"

Alikichukua kibuyu magotini pangu, akakiweka chini mbali na sisi. "Mutakula, mutalala. Asubuhi murudie njia yenu."

Baba mdogo alinitazama kama mtu anayepima urefu wa kaburi. Siku tatu za njia, na yote yamevunjwa na tete lenye urefu wa mkono.

Msichana haruhusiwi kusema katika shauri la ndoa yake. Huyu hakusema juu ya ndoa. Alipiga magoti kando ya baba yake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, jana kule porini ulikunywa maji na nini?"

"Na jani."

"Jani ya nani?"

"Yangu. Kila mwindaji anakata yake."

"Na wenzako hawakukasirika?"

Nyanya ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha kukohoa. "Amekukamata, mwanangu! Amekukamata kama nyama katika mutego!"

Msichana alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba. Alirudi na majani mapana, yale ya kufungia samaki, akakunja moja kuwa kikombe, akalijaza pombe na kumpa baba yake. Baba alilipokea kwa mkono mmoja, akanitazama. Alisema, "Sisi hatuogope ugonjwa. Lakini tuone kama mutu wa mulimani anajua kukunja jani."

Nilikunja. Pombe yote ilipita chini ikaingia katika suruali yangu. Hapo hata baba wa msichana alicheka, na kijiji kizima pamoja naye.

Baada ya kucheka alinyoosha mkono. "Leta hiyo fimbo yako nijaribu."

Namna gani ningeweza kumnyima? Nyumba ilikuwa imeanza kufunguka tena. Baba mdogo alinikanyaga mguu: toa, mjinga! Lakini nilikumbuka wale majirani wawili, na sauti ya mama.

"Papa, unisamehe. Huu siwezi kukupa. Mama alinikataza. Lakini nitakukatia wako."

"Mama yako iko wapi?"

"Muheto."

"Siku tatu. Anakuona?"

"Hapana, Papa."

Alinitazama tena, toka kichwani mpaka kwenye suruali iliyolowa. "Basi enda ukate."

Nilikimbilia mtoni. Nilikata tete zuri kuliko yote, nikalisafisha ndani, nikalileta kwa mikono miwili. Alivuta pombe, akaonja, akavuta tena. "Inapitisha kidogo sana," alisema. "Munakunywa kama mbu." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Mutu anayeshika neno ya mama yake mahali hamuone, atashika na ya muke wake. Tuongee sasa."

Wakati wazee wanaongea, nyanya alinivuta mikono. "Mbona yako laini? Sisi na sabuni yetu ya majivu tunapasuka tu." Nikampa kibuyu cha siagi. Alinusa. "Inanuka ndama!" Akajipaka mpaka viwikoni, na kibuyu hakikurudi. Badala yake alinipa cha kwake, kimejaa mafuta ya kokwa za chikichi zilizokaangwa, yenye harufu nzito na tamu kama moshi wa jikoni. Nilijipaka njia yote ya kurudi.

Mama alikuwa amesimama juu ya kilima. Hakuuliza habari. "Murija uko wapi?" Nikamwonyesha. "Ulimupa mutu?" Hapana. Akachukua mikono yangu aitazame, akasita, akainua hadi puani.

"Hii si siagi yangu. Nani alikupa?"

"Nyanya wa kule. Alibakiza yako, akanipa ya kwake."

Alinusa tena, taratibu, kisha akaniachilia na kugeukia nyumba za jirani, mikono hewani. "Akina mama, mutoke! Wamekubali!"