Mvisha Vidonge Koti Aliyeshindwa Kumeza Kimoja

Yaliyomo humu ni kweli tupu. Mwandishi anaapa kwa meno yake yote, yaliyoota na yaliyonunuliwa, kwamba hakuongeza hata chumvi ya kuonja.

Saa moja asubuhi, ndani ya kiwanda cha dawa, mwanamke mfupi aliyejifunika kuanzia nywele hadi viatu anasimama mbele ya pipa la chuma linalong'aa, lililoinamishwa kama la kuchanganyia zege. Ndani yake kilo themanini za vidonge vyeupe zinabingirika, zinapanda ukutani na kuporomoka.

Havitazami. Ametega sikio.

"Sikia," anasema kupitia barakoa. "Sasa hivi vinacheka, vikavu. Nikizidisha rojo ya kuvipaka vitaanza kunung'unika. Hapo ujue vinashikana viwiliviwili. Tunaviita mapacha, na mapacha wa humu hawafanyiwi sherehe, wanatupwa."

Anabonyeza kitufe. Bomba jembamba linapuliza ukungu wa rangi ya machungwa, hewa ya moto inafuata kuukausha. Tabaka juu ya tabaka. Ndiyo kazi iliyompa jina: kiwandani hapo hata mlinzi wa getini anamwita Mama Koti. Aliingia akiwa mfagiaji, miaka kumi na tisa iliyopita, na pipa hilo analipenda kiasi kwamba mumewe huliita mume mwenza.

"Watu wanadhani kidonge ni dawa tupu," anasema wakati wa chai. "Wapi! Dawa yenyewe mara nyingi ni kiduchu. Kuna wanga wa kujaza umbo, gundi ya kukishikilia kisimeguke njiani, na kitu kingine cha kukivunja kikishafika. Unakifunga huku unakiandalia kufunguka. Kama kulea binti."

Na koti?

"Makoti hayafanani. Mengine ni ya kuficha uchungu tu. Hili la machungwa lina kazi, maana dawa yake ya maumivu inachoma tumbo. Basi koti linakaa kimya kwenye tindikali ya tumbo, likifika kwenye utumbo ndipo linavuliwa."

Kila pipa likiisha, vidonge vichache huchovywa kwenye tindikali, juu chini, juu chini, kwa saa mbili. Kimoja kikichubuka kabla ya wakati, hakuna kinachotoka getini.

Sasa, mwanamke huyu aliyevisha mamilioni ya vidonge alikuwa na siri aliyoijua mumewe peke yake, fundi wa kupaua nyumba: alikuwa hajawahi kumeza hata kimoja. Tangu utotoni, mama yake alimsagia kila dawa kwenye kijiko, na sukari juu. Akakua, akaolewa, akazaa, kijiko kiko palepale.

Mwaka jana magoti yakaanza kumgomea. Kazi ya pipa ni ya kusimama, na msimamizi alimwambia bila kuzunguka: "Mama, ukiendelea kuchechemea hivi, mwezi ujao nakuhamishia meza ya kufunga maboksi. Huko unakaa."

Kwake hiyo ilikuwa sawa na kupewa talaka.

Alikwenda zahanati. Akapewa vidonge vya rangi ya machungwa. Alivitambua kabla pakiti haijafunguliwa, kama mtu anavyotambua watoto wake kwa migongo. Akafika nyumbani, akavisaga vivyo hivyo, maana njia nyingine hakuijua.

"Tumbo liliwaka, nikadhani nimemeza jiko na mkaa wake," anakumbuka, huku akicheka.

Akarudi zahanati. Daktari kijana akamuuliza, "Dawa unazimezaje, mama?"

"Nazisaga."

"Ala! Hizi hazisagwi, mama yangu. Angalia, zimevishwa kitu kama koti." Akaanza kumweleza, taratibu, kwa upole, habari za tumbo na utumbo. Mama Koti akaitikia kila neno, "Kumbe! Alaa!" huku akiomba sakafu impokee.

Jioni hiyo mumewe alimkalisha jikoni, kikombe cha maji mkononi. Kidonge cha kwanza kilirukia ukutani. Cha pili kilizunguka kinywani mpaka akakitoa na kukiinua kwenye taa.

"Baba watoto, hebu ona! Hakijachubuka hata kidogo."

"Mke wangu, meza kwanza, ukague baadaye."

"Nikishameza nitakagua wapi?"

Siku zikapita hivyo, magoti yakivimba na meza ya maboksi ikisogea. Mpaka asubuhi moja, pipa lake likaacha kucheka. Lilikuwa limelazwa nyuma kupita kiasi baada ya kuoshwa. Vidonge vimejazana kisogoni, havisongi. Akalirudisha mbele kidogo, vikaanza kubingirika.

Akasimama pale akijishika shingo. Kila akijaribu kumeza, alikuwa akitupa kichwa nyuma kama kuku anayekunywa maji.

Nyumbani alilowesha koo kwanza, akaweka kidonge ulimini, akashusha kidevu kidogo, akanywa. Mumewe alisubiri kishindo cha ukutani. Hakikuja.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Kazini," akajibu Mama Koti.

Leo anasimama pale pale penye pipa, hachechemei. Mpango wake ni kupata ruhusa ya kukaa zahanati Jumamosi asubuhi, kwenye mabenchi ya wanaosubiri, na jagi la maji, awafundishe wenye vijiko kama chake, na kuwaonya waulize kwanza kabla ya kusaga chochote.

Kabla ya makala kwenda gazetini, mwandishi alimpelekea nyumbani asome. Akasoma, akaweka kidole kwenye mstari uliokuwa ukisema kwamba siku aliyorudi bila kuchechemea mitambo yote ilizimwa na msimamizi akalia kwa furaha.

"Nani alilia? Alisema 'Vizuri, rudi kazini.' Basi."

"Kulia kunapendeza gazetini, shemeji."

"Futa." Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya mwandishi, iliyokuwa chini ya meza na vijiko viwili, ikibana kidonge katikati. "Na hicho?"

"Hiki? Cha presha. Mimi nakisaga tu... kwa mazoea."

Akaomba pakiti, akaisoma mbele na nyuma. "Kina koti."

Mstari ukafutwa. Vijiko vikachukuliwa. Mama Koti akajaza kikombe, akakisukuma mezani, akamwita mumewe aje ashuhudie.

"Kidevu chini," akasema. "Meza."

Mwandishi akashusha kidevu, akanywa.