Mabenchi ya Safu Moja

Mchora ramani wa manispaa alikuwa mtu wa rula. Mkewe alimtania kwamba hata shuka huitandika kama anayepima kiwanja. Alipopewa kazi ya kubuni bustani ya mtaa aliozaliwa, aliyapanga mabenchi safu moja, yote yakitazama maua, miguu ikazikwa kwenye zege. Mawe ya zamani yaliyozunguka bomba la maji yakazolewa kama takataka.

Juu ya mawe hayo mama yake alikaa kila alasiri, miaka nenda miaka rudi, akitazamana na shoga yake mshona nguo, magoti yakikaribia kugusana. Masikio ya mama yalikuwa yamemtupa mkono. Alisikia kwa macho, akifuata midomo ya mwenzake. Mwanawe alilijua hilo. Mbele ya karatasi halikumjia.

Bustani ilipofunguliwa, wazee hao walikaa bega kwa bega.

"Unasemaje?" mama aliuliza.

Mshona nguo akajipinda. "Nasema, mwanao katujengea kituo cha gari lisilokuja!"

"Gari gani?"

Wakacheka mpaka machozi. Mchora ramani alicheka nao, ila aliacha kabla yao.

Haikuchukua muda shingo zikawashinda, wakaacha kuja. Mshona nguo aliishi ghorofani, na magoti ya mama hayakuwa ya ngazi. Nyumbani kwa mama, alikoishi na mwana na mkwe, nako hakukukalika. "Nitamsengenyaje mkweo naye yupo?" mshona nguo alisema.

Mchora ramani aliomba kazini mabenchi mawili yageuzwe.

"Zege limeshakauka, ndugu yangu," mkubwa wake alimjibu. "Subiri ukarabati."

Akasubiri. Kigoda kimoja cha jikoni, kikiwekwa mbele ya benchi, kingetosha. Lakini yeye alikuwa mtu wa vibali, na kubeba kigoda hadi bustani ya serikali kulimtia haya.

Kibali kilipotoka, mshona nguo alikuwa ameshazikwa.

Mabenchi yaligeuzwa, yakatazamana vizuri. Alimleta mama, akamkalisha, kisha akakaa upande wa pili, mahali pa marehemu.

"Haya, sema," mama alimwambia.

Akaanza kumsimulia habari za ofisini. Mama alikazia macho mdomo wake, akatikisa kichwa.

"Unameza maneno, mwanangu. Mwenzangu alikuwa anasema kwa mdomo mzima."

Akajaribu tena, polepole. Mama alikuwa ameshageukia maua.