Mvua ya Saa Mbili

Kosa langu la mwanzo, nilipoanza kuifundisha kompyuta mvua za pwani yetu, lilikuwa la saa. Kila milimita niliihakiki na kuihakiki tena. Hata rangi za michoro nilizibadilisha hadi macho yakauma. Saa sikuzitazama.

Shangazi yangu analima mwani kijijini Ushongo. Kila mvua iliponyesha alinitumia ujumbe wa sauti: "Leo imeanza saa mbili, imekatika saa tatu." Mimi, chumbani kwangu Chumbageni, mjini Tanga, niliandika mbili, tatu. Kazi hii nimejifundisha kwa video za Kiingereza, na nikikaa mbele ya skrini kichwa huhama bila kuniaga. Saa mbili yake ya asubuhi ikawa ya Kizungu, usiku wa manane.

Modeli kubwa za tabianchi huiona Tanga kama mraba mmoja, bahari na milima humo humo. Yangu ilitakiwa ijue mvua ya Ushongo peke yake. Ikajifunza mvua inayoshuka watu wamelala, ikaondoka kabla ya jua na kuuacha mchanga umeoshwa. Niliipenda mvua ile. Nilitembea mjini juani nikiisikia kwenye mabati, nikijiona nimefunuliwa siri ya pwani.

Nikampigia. "Shikamoo, shangazi. Kesho anika tu. Mvua itakwisha hujaamka."

"Marahaba. Una hakika, baba?"

"Hakika."

Alfajiri ya kesho yake akaanika mavuno yote. Asubuhi, jua limeshatoka, mvua ikamwagika juu ya mwani. Ukilowa hivyo hupauka, na mnunuzi hautaki.

"Mvua yako ya usiku iko wapi?" aliniuliza kwenye simu. "Si nakwambia siku zote saa mbili?"

"Ndiyo, saa mbili usi..." Hapo ndipo nikaiona saa yangu ya Kizungu. Kisha nikamwambia nilichokifanya.

"We mtoto, umezaliwa Tanga hii hii au umeshushwa na meli?"

Mkulima mwenzake akadakia kwa nyuma: "Muulize, Ramadhani anafuturu saa kumi na mbili ya adhuhuri?" Wakacheka wote. Mimi nililia.

Nilizisogeza zote mbele kwa saa sita. Mvua yangu ya usingizini ikayeyuka kwenye skrini, ikabaki mvua ya watu wanaokwenda kazini.

Siku hizi kila saa naiandika na neno lake, asubuhi au usiku, na sitamki tena "hakika". Shangazi bado ananitumia sauti zake. Utabiri wangu anausikiliza, lakini haaniki mwani wote kwa neno langu.