Rambirambi kutoka Ayalandi

Barua ilikuwa imeandikiwa familia ya marehemu Mahfoudha, na aliyeifungua ni Mahfoudha mwenyewe, amekaa jikoni kwake Khuwair ya Kusini, Maskati, miwani puani, mchuzi unachemka. Binti yake Ruba ndiye aliyeitoa kwenye sanduku la posta mchana ule.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Nimekufa," akasema Mahfoudha, akamsukumia karatasi. "Soma."

Aliyeandika ni Nora, wa Ayalandi. Zamani, Mahfoudha alipokuwa na miaka ishirini na mbili, alipelekwa huko kusomea uuguzi, akapangishwa chumba kwa mama yake Nora, shambani, mbali na mji. Wasichana wale wawili walikuwa rika moja. Kila Jumapili Nora alimvisha mabuti ya mpira na koti la babake, wakaingia msituni. Alimwonesha magofu ya nyumba ya watawa, hayana paa, mialoni imeota ndani. Alimwonesha boma la duara la udongo ambalo wakulima hawathubutu kulilima, wanasema lina wenyewe. Alimpeleka kwenye chemchemi yenye mti uliofungwa vitambaa vya watu wenye shida, na Mahfoudha, mtoto wa Unguja aliyehamia Maskati na wazazi wake, akacheka sana. "Hata kwetu ipo mizimu ya namna hii," alimwambia Nora, "ila mvua yenu ndiyo baridi."

Aliporudi Maskati akaajiriwa hospitali, na huko wodini akakutana na Zakiya, naye wa nasaba ya Unguja. Urafiki wao ukaenda miaka zaidi ya thelathini. Zakiya alipofiwa na mama yake, Mahfoudha ndiye aliyemwosha maiti. Walistaafu mwaka mmoja, wakaanza kupanda vilima vya nyuma ya mtaa wa Bustan kila Ijumaa asubuhi, wakajiunga nao wanawake wengine saba. Wakipumzika, Mahfoudha huwasimulia msitu ule, na Zakiya humhimiza: "Waeleze la chemchemi, shoga."

Ndipo ikazuka fikra ya kwenda wote. Mahfoudha alitumia karibu mwaka mzima kupanga. Aliwasiliana na Nora, akaomba ruhusa za wenye mashamba ya kupitia, akachora ramani kwa mkono: wapi kuna ngazi za mawe za kuvukia ukuta, wapi kuna tope, wapi mtu ataona nafasi ya kusali bila ya kutazamwa. Katikati ya mipango akapasuliwa goti. Likapona, ila mwendo ukawa wa polepole.

Mwezi wa sita Zakiya alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kochi. "Shoga, safari imevunjika. Wenzetu wamejitoa. Tuiache mpaka mwakani. Nora nitamwarifu mimi."

"Basi mwakani, inshallah," akasema Mahfoudha. Hakuuliza zaidi.

Mwezi wa saba Zakiya akaaga kwamba anakwenda Salala, kusini mwa nchi, kwa mwanawe, kupunga upepo wa msimu wa mvua. Alirudi na ubani na madafu, akahadithia ukungu na majani mabichi, na Mahfoudha akafurahi naye, akaufukiza ule ubani nyumba nzima.

Sasa, pale jikoni, Ruba alikuwa anaisoma barua kwa sauti. Nora alisema Zakiya amewafikishia habari ya msiba. Alisema wamewasha mshumaa ndani ya magofu, mahali Mahfoudha alipopenda kukaa, na amepanda mche wa mwaloni kwa jina lake.

Mahfoudha alizima jiko, akapiga simu Ayalandi.

"Nora, ni mimi. Sijafa."

Upande wa pili kikasikika kilio, kisha kicheko kilichochanganyika na kilio. Kidogo kidogo Nora akaeleza. Walikuja wanawake wanane. Zakiya aliwaongoza kwa ramani nzuri mno, akasema kaichora mwenyewe. Nora alipouliza Mahfoudha yuko wapi, Zakiya alimvuta jikoni peke yake, akamshika mkono, akamwambia amefariki.

"Na huu mti?" Nora akauliza. "Niung'oe?"

"Uache. Ipo siku utanifaa."

Kisha akampigia mmoja wa wale wanawake saba wa Ijumaa. Yule mama akaona haya. "Zakiya alitwambia umeghairi mwenyewe kwa sababu ya goti. Akasema tusikutajie safari, itakuuma."

Alasiri ile ile Ruba akamwendesha mpaka nyumbani kwa Zakiya, Bustan. Zakiya aliwapokea kwa bashasha, akaleta kahawa na haluwa.

"Salala kulikuwaje?" Mahfoudha akauliza.

"Si nilikuhadithia? Ukungu mtupu."

Mahfoudha akaiweka barua juu ya sinia. Zakiya aliisoma mara mbili. Akaikunja, akairudisha juu ya sinia.

"Goti lako, Mahfoudha. Kila kilima tungekungoja."

"Ungenambia hivyo ningebaki nyumbani, na ramani ningekupa kwa mkono wangu, usingeiiba."

"Nnajua." Zakiya akashusha sauti. "Lakini hata ungekwenda kwa magongo, ungekuwa wewe ndiye unayejua, na mimi nafuata nyuma. Miaka yote hii nakusikiliza wewe na msitu wako. Mara moja nilitaka niwe mimi."

"Na kuniua?"

"Yule mzungu alinibana! Kila akigeuka, Mahfoudha yuko wapi. Niliona haya kusema nimekuficha safari. Maneno yakanitoka tu."

"Yakakutoka, yakanizika." Mahfoudha alisimama, akalishika goti. "Mimi nilimwosha mama yako, Zakiya. Unajua vizuri maiti anavyokuwa."

Zakiya akaanza kulia. Ruba alitaka kumfuta machozi, kwani alikua akimwita mama mdogo, lakini aliuona uso wa mama yake, akachukua ufunguo wa gari.

Vilima vya Ijumaa Mahfoudha aliviacha. Watatu katika wale saba walikuja kumtaka radhi. Wengine walisema amelikuza jambo, kwani mtu akisingiziwa kufa hapungukiwi kitu. Zakiya alimpelekea ujumbe mara nyingi. Aliusoma kila mmoja, hakujibu.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata Mahfoudha akasafiri Ayalandi na Ruba. Nora, mvi kichwa kizima, alimkumbatia pale getini mpaka kilemba kikamvuka. Njia ya saa moja waliitembea asubuhi nzima. Boma lilikuwepo, na vitambaa kwenye mti wa chemchemi vimezidi. Ndani ya magofu Mahfoudha akakaa juu ya jiwe, mialoni inadondosha maji ya mvua iliyopita.

Alidhani atafurahi, na alifurahi. Ila kila kitu alichokiona alijikuta anamwonesha mtu asiyekuwepo: tazama ule ukuta, shoga, tazama mizizi ilivyopasua sakafu. Miaka thelathini na zaidi alikuwa ameyapanga maneno yale kwa ajili ya sikio moja, na midomo yake haikujua kuyasema kwa mwengine.

"Mama, unazungumza na nani?" Ruba akauliza, anapangusa kamera.

"Na mtu."

"Nani?"

Mahfoudha akajiinua kwa kushika ukuta. "Nipe mkono," akasema. "Mvua inarudi."