Daktari wetu alishauza kompyuta ya zahanati, nikamwonyesha majina ya wagonjwa bado yamo

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, mnivumilie. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu, chumvi sijaongeza.

Mimi ni Maman Clarisse, karani wa zahanati ndogo ya binafsi hapa Makomeno. Kompyuta sijasomea darasani. Nimejifunza humu humu kwenye nyuzi zenu, na kwa kuharibu mashine yangu ya nyumbani mara kadhaa, lol.

Majuzi daktari, ambaye ndiye mwenye zahanati, alinunua kompyuta mpya. Ile ya zamani ya mapokezi akaipatia mteja, mfanyabiashara wa Kasumbalesa. Asubuhi jamaa kafika na gari, anataka kubeba aondoke.

Nikauliza, "Docteur, data za wagonjwa je?"

Akacheka. "Maman, nilishafuta byote. Hata corbeille iko vide."

Corbeille ndilo lile pipa la taka la kwenye desktop. Yeye aliamini likiwa tupu, basi habari imekwisha.

Nikamwomba mteja atusubiri nje. Nikachomeka flash yenye programu ya bure ya kurudisha mafaili, nikabonyeza scan.

Dakika kumi hazikufika. Mafaili yakaanza kujipanga kwenye screen, kila moja na jina la mtu. Vipimo vya ukimwi, vya mimba, vya kifua kikuu. Watu tunaosali nao. Watu tunaonunua kwao mboga.

Docteur akakaa chini. "Sasa tunafanya namna gani?"

Wakuu, miaka sita niko pale, hilo swali hakuwahi kuniuliza.

Kwanza nilihakikisha nakala za mafaili yote ya wagonjwa ziko kwenye disk ya nje na zinafunguka. Kisha nikaanzisha programu ya kuandika sifuri juu ya disk nzima, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa hard disk ya kawaida. SSD, zile disk mpya zisizozunguka, ina njia yake, msichanganye.

Mteja akapandisha hasira. "Maman, miye niko na safari!"

"Papa, mashine iko yako. Bantu ba mule ndani si ba kwako."

Akarudi kwenye gari lake kungoja.

Katikati umeme ukakatika. Nikaanza upya. Ilipofika saa kumi alasiri kazi ikaisha, nikarudia scan ile ile mbele ya Docteur. Hakuna hata jina moja. Mteja akabeba mashine yake, akaenda zake.

Jumatatu Docteur aliita wafanyakazi wote, manesi mpaka mlinzi. Akasema kuanzia sasa kompyuta, simu wala flash haitoki bila Maman Clarisse kuikagua. Nilijikaza nisitabasamu. Nilishindwa.

Nilichojifunza: delete inaficha tu, haiondoi. Ukishafuta, jaribu mwenyewe kurudisha kabla mwingine hajajaribu. Na usiogope kumwambia mkubwa "ngoja" eti kwa sababu yeye ana diploma na wewe huna.

Haya, mashine zenu za zamani ziko kwa nani sasa hivi, na mlizifutaje? Mafundi wenye njia bora kuliko yangu, nisahihisheni bila huruma.