Nilivyowangoja Waturuki Wamalize Sentensi

Katika masomo ya jioni ya Kituruki hapa Bukavu niliambiwa kwamba ukimkatiza Mturuki kabla hajafika kwenye kitenzi, anaanza maneno yake upya tangu salamu. Nikaamini! Ningeapa mbele ya askofu.

Siku yangu ya kwanza ya kazi kama mkalimani wa Kituruki katika ofisi ya wauza mashine kule Muhumba, nilivaa tai moja na kuweka nyingine mfukoni kama akiba. Direkta akaniuliza, "Diplome niliiona. Na Kituruki?"

"Direkta, nakiota!"

Ninyi vijana, hamjui utamu wake! Ev ni nyumba. Evler, nyumba nyingi. Evlerimiz, nyumba zetu. Evlerimizde, ndani ya nyumba zetu. Neno linaota mikia mpaka linafika Goma. Sisi tunasema mashine inayofanya kazi; wao wanatanguliza ile "inayofanya kazi": çalışan makine. Badilisha mkia, çalışacak makine, na hapo ni mashine itakayofanya kazi, Mungu akipenda. Tena sigara wanainywa, içmek, kama sisi wa Kivu! Siku niliyogundua hilo nilicheka hadi ziwa likatikisika. Ila kitenzi kinakaa mwisho kabisa. Mkalimani anangoja.

Nilipohamishiwa Kalehe nilingoja hivyo, kwenye mashine za kahawa, chini ya Chef wa depo asiyecheka hata Krismasi. Nikarudishwa Muhumba, na ndipo akaja Maman Prezidanti wa akina mama wakulima wa Luvungi, kununua mashine ya kusaga mahindi. Kwao umeme haukuwepo, walitegemea mazutu tu, yaani dizeli. Wakikosea mashine, jasho lao la miaka limepotea.

Muuzaji, Mturuki aliyekuja mwenyewe, akaisifu mashine bila kupumua.

"Papa, umuulize: iko inatumika na mazutu ao na umeme?"

"Maman, tungoje kitenzi."

"Kitenzi ndiyo itatusagia mahindi?"

Ofisi nzima ikacheka. "Prof, uliza!" akaniambia Direkta.

"Direkta, ataanza upya!"

Muuzaji, akiendelea kusema, alikuwa tayari anasogeza karatasi ya kutia sahihi. Maman akasimama, akachukua mkoba wake. "Basi mimi naenda."

Nililowa jasho mpaka viatuni. Nikafumba macho, nikamkatiza: "Mazotla mı, elektrikle mi?" Kwa mazutu, ao kwa umeme?

Akajibu papo hapo: "Elektrikle." Umeme! Akafungua ukurasa mwingine wa katalogi, akaonyesha ya mazutu. Maman akaketi, akatia sahihi kununua hiyo.

Sasa nimestaafu, na mashine ile bado inanguruma. Nadhani hadi Burundi wanaisikia. Kinachoniuma ni wateja wa zamani walioondoka na maswali yao mdomoni, mimi nikiwa nimekaa pale, kimya, na diplome yangu. Siku ile, Maman alipokwisha kutoka, nilimwomba muuzaji radhi kwa kumkatiza, nikamweleza nilivyofundishwa.

"Nani alikuambia hivyo? Sisi tunakatizana kutwa nzima. Ukitaka kuuliza, uliza."