Kengele Mkononi Mwangu

Priscah angekutajia wana wote wa Yakobo bila kuvuta pumzi, huku mikono yake ikichuma chai. Kwao Biblia ndiyo iliyokuwa kitabu pekee, naye aliishika kama mtu anavyoijua njia ya mtoni. Mimi jirani yake nilikuwa namsukuma binti yangu Caren awe kama yeye.

Mwaka wa 1996 kanisa letu, huku Sotik, lilifika fainali ya mashindano ya Biblia ya akina mama. Priscah ndiye aliyekuwa mjibu maswali wetu. Mimi nilikaa kando yake kama msaidizi, nikiomba nisiulizwe kitu, maana niliacha shule darasa la nne.

Lakini kulikuwa na neno. Mwezi mmoja nyuma, kituoni tunapopimia majani, karani alikuta majani ya jana, yaliyoharibika yakawa mekundu, yamemwagika kati ya kikapu cha Priscah na cha Nyambeki, mchuma chai mwenzetu. Priscah akapaza sauti, "Hayo ni ya Nyambeki!" Karani akamkatalia Nyambeki majani yote. Nyambeki alibeba kikapu kurudi nyumbani huku watu wakimcheka. Jioni mume wa Priscah akakiri kwamba ni yeye aliyejazia kikapu cha mkewe majani yaliyolala. Priscah aliniambia mimi. Hakumwambia Nyambeki.

Sasa kanisa limejaa, wapinzani wetu wa kanisa la Kaplong wanatuzidi alama moja, na Nyambeki ameketi benchi la tatu. Mwalimu Sagini akasoma, "Umeleta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Ufanye nini?"

Priscah alitikisa kengele ya ng'ombe, ile ya kuomba kujibu, kabla swali halijaisha vizuri. "Mathayo tano, ishirini na tatu na ishirini na nne! Uiache sadaka, uende kwanza upatane na..."

Nilifuata macho yake mpaka benchi la tatu.

"Sahihi!" Vigelegele! Tumelingana, na swali limebaki moja tu! Mara Priscah akasimama.

"Mama Robert, unaenda wapi?" nikamvuta Priscah leso.

"Shika kengele."

Akashuka. Akaenda moja kwa moja benchi la tatu.

"Nyambeki, majani yale yalikuwa yangu. Nisamehe."

"Najua yalikuwa yako," Nyambeki akasema. "Mama Robert, uliniaibisha hapa kanisani?"

"Hapana. Kituoni."

"Basi usiyamalizie hapa. Kule bado wananiita Majani Mekundu."

Swali la mwisho likanikuta mimi na kengele, Priscah bado yuko benchi la tatu. Nikajibu Nuhu. Haikuwa Nuhu. Kaplong wakabeba kombe wakiimba, na mimi, sijui kwa nini, nikaimba pamoja nao.

Jumatatu nilifika kituoni mapema kuliko kuku. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu kukariri ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya wachuma chai wenye midomo ni kingine. Kabla lori halijafika, Priscah alipanda juu ya benchi la kupimia.

"Karani, ngoja! Majani mekundu ya siku ile yalitoka kikapuni mwangu. Nilimsingizia Nyambeki. Leo pima yake kwanza, na mkitafuta wa kucheka, nichekeni mimi."

Wakamcheka kweli! Priscah akasimama pale pale, machozi yakimtiririka, mpaka wakachoka.

Nyambeki akaleta kikapu chake, akakiweka kando ya cha Priscah.

"Sogea, Mama Robert," akasema. "Lakini chako nakichungulia kwanza."